Shajara ya mradi: hesabu na silabi kwa miguu, Darasa la 3, Wete

Mradi huu unatia mwendo wa mwili ndani ya somo lenyewe, si kabla yake wala baada yake. Mahali ni skuli moja ya msingi Wete, Pemba. Wanafunzi ni 64, chumba ni mita 7 kwa 8, sakafu ya saruji, na ukuta wa kugawa madarasa haufiki paani, kwa hivyo kelele ya huku ni kelele ya kule. Kipindi ni dakika 40. Michezo imepewa dakika 20 kati ya hizo, mara 3 kwa wiki: mara mbili hesabu, mara moja Kiswahili.

Kabla ya kugusa dawati lolote tulikubaliana juu ya kipimo kimoja. Hatuhesabu jasho wala vicheko. Tunahesabu mtoto mmoja, katika dakika 20, amejibu maswali mangapi kwa mwili wake mwenyewe. Kila siku ya mchezo mtu mmoja hukaa nyuma na daftari, akawachagua watoto 4 bila wao kujua, akaweka kijistari kila mmoja wao anapojibu. Kipimo hiki ndicho kilichoondoa mchezo wetu wa kwanza na kuleta ule ambao sasa unabeba mradi mzima.

WIKI YA 1: madawati

Madawati ni 22, ya watu watatu watatu. Tuliyasukuma kwenye kuta mbili za pembeni, mistari miwili kila upande, ikabaki njia ya katikati yenye upana wa mita 2 na kidogo. Siku ya kwanza kazi hiyo ilikula dakika 11, na nyingine kama hizo kurudisha. Hapo nusu ya kipindi imekwisha bila swali hata moja.

Kilichosaidia ni vitu vitatu. Kwanza, alama za rangi sakafuni, nukta nne kwa kila dawati, nyeupe kwa pahala pa kawaida na nyekundu kwa pahala pa mchezo. Mtoto haulizi liende wapi. Pili, dawati linanyanyuliwa na watu wanne, haliburutwi. Kuburuta kunalegeza misumari ya miguu, na sauti yake inasimamisha somo la jirani. Tatu, mstari wa nyuma unatangulia, wa mbele unafuata. Wakianza wote pamoja wanazibiana njia. Kufikia mwisho wa wiki tulikuwa tunapanga kwa dakika 3.

Viatu vinavuliwa na kupangwa mlangoni. Ndara zinateleza kwenye saruji yenye vumbi, na mtoto aliye peku anasikia mstari chini ya unyayo. Sakafu inafagiwa kwanza kwa ufagio mkavu. Usiimwagie maji kuua vumbi.

WIKI YA 2: mstari wa namba

Mstari ni ukanda wa turubai wa mita 6.5 kwa sentimita 60, namba 0 hadi 20, nafasi ya sentimita 30 kati ya namba na namba. Hiyo ni mita 6 za namba na sentimita 25 za akiba kila ncha. Rangi ya mafuta, tabaka mbili, siku nzima ya kukauka kati ya moja na nyingine. Tulitengeneza kanda mbili.

Turubai tupu juu ya saruji huteleza kama ganda la ndizi. Dawa yake ni mpira wa ndani wa baiskeli: kata vipande vya upana wa sentimita 5, gundisha upande wa chini kwa solusheni ya kuzibia pancha, kimoja kila nusu mita, na kimoja kwenye kila ncha. Tulifikiria majamvi kwa sababu yapo na yanashika sakafu, lakini yakichakaa mguu hunasa kwenye ncha za chane, na mikeka mingine inafanana mno na misala, yaani mikeka ya kusalia. Kitu ambacho mtoto nyumbani hufundishwa asikikanyage ovyo kisiletwe darasani kuwa uwanja wa kukanyagwa.

Usikunje turubai lenye rangi ya mafuta. Rangi hupasuka kwenye mkunjo. Lizungushe kwenye bomba la plastiki.

Sasa kosa lenyewe la hesabu, ambalo ubaoni halionekani na miguuni linaonekana mara moja. Mtoto amesimama kwenye 4. Anaambiwa jumlisha 3. Anabonyeza mguu pale pale alipo, anasema "moja", anapiga hatua moja, "mbili", hatua nyingine, "tatu", anasimama kwenye 6. Kwenye daftari mtoto huyu anaandika 4 + 3 = 6 na mwalimu hudhani amehesabu haraka tu. Kumbe anahesabu vituo, hahesabu mwendo. Kwa hivyo kanuni ikawa hii: mguu ukiwa chini, mdomo kimya, namba inatajwa pale tu mguu unapotua mahali papya. Darasa zima hutaja pamoja na anayetembea. Tukaondoa pia visanduku tulivyochora mwanzo, tukabakisha mistari myembamba yenye namba pembeni yake, kwa sababu kisanduku kinamkaribisha mtoto akihesabu chenyewe, na mstari unamfanya ahesabu nafasi iliyo kati.

Sifuri lazima iwe na mstari wake. Ukanda unaoanzia 1 unafundisha kosa hilo hilo.

WIKI YA 3: foleni

Mchezo wa kwanza wa ukanda ulikuwa wa kupokezana: timu mbili, anayerudi anamgusa anayefuata. Watoto waliupenda sana. Daftari la nyuma likasema vingine. Watoto 32 kwa ukanda mmoja, kila mmoja sekunde 20, zamu inazunguka kwa sekunde 640, yaani dakika 10 na sekunde 40. Katika dakika 20 mtoto anajibu mara mbili, au mara moja akiwa mwisho wa foleni. Muda uliobaki anasukumana na mwenzake. Darasa lote linaonekana lina harakati, na kila mtoto peke yake amekaa bure.

Hapa ndipo michezo mingi ya aina hii inapofia kwenye madarasa yetu. Maelezo yake yameandikwa kwa darasa la watoto 20, na kwa watoto 20 foleni si tatizo. Kwa 64, mchezo wowote unaompa mmoja nafasi na kuwaweka wenzake pembeni haufai kuwa mchezo mkuu. Kupokezana tukakuondoa. Kanda zikabaki kwa kuonesha kosa jipya kwa dakika 3 au 4, basi.

Badala yake ukaja mchezo wa kusimama pale pale, madawati yakiwa mahali pake. Ni thamani ya nafasi kwa mwili. Mamia: nyoosha mikono juu. Makumi: gusa mabega. Mamoja: gusa magoti. Mwalimu anasema "mia mbili arubaini na tatu", darasa zima linanyoosha mara 2, mabega mara 4, magoti mara 3, kimya. Kisha kinyume chake: mwanafunzi mmoja mbele anafanya, wengine wanasoma mwili wake na kuandika namba.

Sifuri ilitusumbua siku mbili. Kwa 305 watoto walinyoosha mara 3 na kwenda moja kwa moja magotini, na wakiombwa waandike, wengi wanaandika 35. Tukaipa sifuri ishara yake: mikono inafungwa kifuani, pumzi moja ndefu, ndipo magoti. Nafasi tupu ikawa na muda wake mwilini. Baada ya hapo mtoto anayeruka pumzi hiyo anaonekana, kwa sababu mikono yake iko magotini wakati ya wenzake 60 bado iko kifuani. Faida hii hatukuipanga: wote wakitenda pamoja, anayekosea anajitokeza mbele ya macho ya mwalimu bila kuitwa jina.

Swali moja huchukua sekunde 20. Dakika 10 ni maswali 30 kwa kila mtoto. Linganisha na moja au mawili ya foleni.

WIKI YA 4: kufuata mkumbo

Kweli au si kweli: kweli simama, si kweli chutama. "7 mara 8 ni 54." Tatizo linatokea katika nusu sekunde ya kwanza. Watoto wanamtazama yule anayejulikana anaweza, akichutama wote wanachutama. Daftari linaandika majibu mengi, lakini ni jibu la mtu mmoja lililonakiliwa mara 64.

Tulijaribu kufumba macho. Kuchutama na kusimama macho yakiwa yamefumbwa kati ya madawati ni hatari, mtoto mmoja aligonga kidevu, tukaacha siku hiyo hiyo. Njia iliyobaki ni jibu la siri kwanza: vidole kifuani, vimefunikwa kwa kiganja cha pili, 1 kwa kweli na 2 kwa si kweli. Mwalimu anahesabu kimya hadi 5 kwa mkono. Kisha kofi moja, mwili unatoka. Anayebadilisha baada ya kofi anaonekana na jirani yake, kwa kuwa vidole bado viko kifuani. Ni lazima maswali ya uongo yawe ya uongo wenye maana: 54 kwa 7 × 8, si 900.

Mchezo wa pembe nne, watoto wakikimbilia A, B, C au D, ulijaribiwa mara moja na kuachwa. Chumba hakitoshi.

WIKI YA 5 NA 6: vipande vya silabi

Kiswahili kimejengwa kwa silabi ambazo karibu zote zinaishia na irabu, na hilo linafanya sakafu ifae kuliko ubao. Seti moja ina vipande 24 vya turubai, kila kimoja sentimita 35 kwa 35, na mpira wa baiskeli chini: irabu 5, safu ya k, safu ya t, safu ya r, m pekee, na vitatu vitupu vya kuandikwa kwa chaki. Tulitengeneza seti 6.

Nusu ya darasa inaandika madaftarini, nusu inatembea, baada ya dakika 10 wanabadilishana. Kila seti ina watoto 5 au 6. Mmoja anapiga hatua, mmoja anataja, wengine wanaandika neno lilipoishia. Neno moja huchukua kama sekunde 15, kwa hivyo kila mtoto anatembea maneno 7 au 8, na anaandika ya wenzake pia.

Awali tulisema kuruka. Wasichana wenye sketi ndefu za sare waliburura vipande kwa pindo, na waliokuwa wanaona haya kuruka walijificha nyuma. Tukabadilisha: hatua, si kuruka. Hakuna kilichopungua katika somo.

Maneno yanayostahili kuchaguliwa ni yale ambayo mguu unagundua kitu sikio lisichokigundua:

Kata na kataa. Hatua mbili na hatua tatu. Mtoto anayeandika "kata" kwa maana ya kukataa hukuta mguu wake hauna pa kwenda kama hakukanyaga a.

Karafuu. Hapa Wete neno hili kila mtoto analo mdomoni, na bado wengi walisimama kwenye fu. Ni ka-ra-fu-u, hatua nne. Fu imeandikwa kwenye kipande kitupu, u ya mwisho inachukuliwa kwenye safu ya irabu.

Mkeka, mkate, mkoko. M ni silabi kamili na ina kipande chake. Watoto walitaka kuanza na ke moja kwa moja. Kwenye mkoko anakanyaga ko mara mbili: mguu unanyanyuka na kurudi pale pale.

Mbu na embe. Hili linahitaji mwalimu awe amejiandaa, maana watoto watauliza. M-bu ni hatua mbili, kwa sababu m inatamkwa peke yake na ndiyo inayobeba mkazo. E-mbe pia ni hatua mbili, lakini hapo mb imeungana na e inayofuata. Kwa embe, kipande kitupu kiandikwe mbe. Vivyo hivyo pe-mba.

Tahadhari moja ya mahali hapa: sakafuni yasiandikwe majina ya watu, na lisiandikwe kabisa jina la Mwenyezi Mungu wala neno lolote kwa hati ya Kiarabu. Maneno ya vitu yanatosha.

Hatutarajii michezo hii iinue usomaji wa vifungu virefu. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa 2016, ambapo watoto walifanya masomo ya hesabu na lugha kwa mwendo mara 3 kwa wiki kwa miaka 2, ulikuta faida kwenye hesabu na tahajia, na haukukuta tofauti kwenye kusoma. Inaeleweka: kusoma kunataka jicho litulie kwenye mstari. Kwa hivyo muda wa vitabu hatujaukata hata dakika moja.

WIKI YA 7: vibao vya kukanyaga

Lengo ni vibao viwili vinavyoonesha nani amekanyaga kwanza, ili mabishano yaishe. Kibao cha kwanza kilikuwa maboksi mawili ya sentimita 30 kwa 30, foili ya jikoni ndani ya kila moja, na fremu ya sponji ya godoro ya unene wa sentimita 1 kati yao. Ukikanyaga, foili zinagusana. Kiliharibika kwa njia nne. Boksi la chini lililegea, taa ikawaka muda wote. Chembe za mchanga zilitoboa foili. Sponji ililala kwa sababu vibao viliwekwa chini ya vitabu Ijumaa hadi Jumatatu. Na waya wa shaba uliobanwa kwenye foili ulifanya kutu nyeupe. Shaba na aluminiamu zikigusana kwenye hewa ya chumvi hulika haraka, na risasi ya kawaida ya kuchomea haishiki aluminiamu.

Kibao cha pili: chini plaiwudi ya milimita 6, juu maboksi mawili yaliyogundishwa nyuzi zikipishana, na badala ya foili ni bati la debe la mafuta. Ubavu mmoja wa debe unatoa kipande cha kama sentimita 23 kwa 34. Kingo zikunjwe ndani kwa koleo, vinginevyo zinakata. Bati hili linashika risasi vizuri ukilisugua kwanza kwa msasa. Vibao vinatundikwa ukutani kwa kamba, havilazwi.

Mzunguko una rilei mbili (swichi zinazowashwa na umeme) za volti 5, zenye jozi mbili za miguso kila moja, na betri 4 ndogo. Jozi ya kwanza ya rilei A inaungwa sambamba na kibao A, ili ikishawaka ijishikilie hata mguu ukinyanyuka. Jozi ya pili, upande unaofungika rilei ikiwa imelala, inapitisha umeme wa rilei B. A ikiamka, njia ya B inakatika. B inafanyiwa hivyo hivyo kwa A. Swichi moja ya kubonyeza inayokata umeme iko kwenye waya wa chanya, ndiyo ya kuanza upya. Taa ya LED na rezista ya omu 330 inaungwa sambamba na koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya rilei. Usisahau dayodi 1N4007 (inapitisha umeme upande mmoja tu) kwenye kila koili, mstari wake ukielekea chanya: ukibonyeza swichi ya kuanza upya, koili inarudisha umeme wa kinyume wenye nguvu, na LED mbili zilikufa kwa kukosa dayodi hiyo.

Koili hizi zina kama omu 125. Kwa betri za kuchaji, volti 4.8, rilei inahitaji ipate kama 3.75 ili iamke. Ukipiga hesabu ya koili peke yake, kibao na waya wake havifai kuzidi omu 35, na LED inapunguza hiyo hadi kama 30. Tumeweka kanuni: mita ikisoma zaidi ya 30 kibao kikiwa kimekanyagwa, fungua, sugua bati.

Vinafanya kazi vizuri. Ila daftari halibadilishi hukumu: watoto wawili wanakanyaga, 62 wanatazama. Kwa hivyo vibao vimepewa dakika 5 za mwisho za Ijumaa, siku ambayo watoto wanawahi kutoka kwa sala, na swali linaandikwa na kila mtoto kwanza ndipo wawili waitwe. Fundi alipendekeza tuongeze vibao viwe vinane. Tumekataa. Fedha hiyo inatengeneza seti nyingi za vipande vya silabi.

WIKI YA 8: joto, saumu, afya

Mkondo wa mchana ulijaribu michezo hii saa 8 chini ya bati lisilo na dari. Dakika 20 ni nyingi mno saa hiyo. Mkondo huo umegawa mara mbili, dakika 8 na dakika 8, na maandishi katikati. Ndoo ya maji yenye bomba iko mlangoni.

Mwezi wa Ramadhani tumeuwekea orodha yake: thamani ya nafasi kwa mwili ukiwa umekaa, vidole vya siri, na silabi kwa kusogeza kokoto badala ya kutembea. Watoto wa umri huu wengi wanajaribu kufunga, na mwalimu asimuulize mtoto mbele ya wenzake kama amefunga.

Mwalimu ajue kabla ya kuanza nani ana pumu na nani ana selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu). Wa selimundu anywe maji mapema na apumzike kabla hajaonesha kuchoka. Baridi ya mvua ya masika nayo inamdhuru. Mtoto mwenye ulemavu wa miguu asifanywe mwamuzi kila siku. Anajibu swali lile lile kwa mikono, mezani, kwenye mstari wa namba wa sentimita 60, na anahesabiwa kwenye daftari kama wengine.

Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mwendo wa nguvu ya kati hadi kubwa kwa siku. Michezo hii haifikishi hapo, na kipindi cha michezo kisifutwe kwa kisingizio chake.

WIKI YA 9

Kanda mbili ziko sawa, mpira mmoja wa chini umebanduka na umegundishwa. Vipande vya silabi 144, vimepotea 3, vyote ni vya irabu a, kwa hivyo seti zinazofuata zitakuwa na a mbili. Rangi ya m imefifia kuliko zote kwa sababu maneno mengi yanaanzia hapo.

Tumeanza nusu kwenye ukanda: mstari mwekundu katikati ya 3 na 4, sentimita 15 kila upande. Wengi wanauita "tatu ya pili". Kazi ya wiki ijayo ni hiyo, kwa kamba ya makumbi ya sentimita 30 ambayo mtoto anaikunja mwenyewe katikati na kuilaza juu ya ukanda kabla ya kukanyaga.

Vipande vya l, n na s vinakauka barazani. Vinahitaji tabaka ya pili kesho asubuhi.